Harufu ya Shuka Zilizolala Majini

Kwa miaka kumi na tisa dobi alifua nguo za watu nyuma ya nyumba ya kupanga, kwenye ua wa saruji wenye beseni saba na kamba nne. Shule hakuisogelea. Herufi alizozijua ni zile za mwanzo wa majina ya wateja, ambazo alizishona kwa uzi mwekundu kwenye pindo ili nguo zisipotee. Lakini pua yake haikuhitaji shule. Ungempa shati, angekwambia lilianikwa kivulini, au mwenyewe alilala nalo, au si lako umeazima.

Kilichomkaa kooni kwa muda mrefu kilikuwa gari. Baba watoto alilileta siku moja, amelinunua kwa akiba yote ya mkewe, akapiga honi mlangoni kama bwana harusi. Dobi akaingia ndani, akanusa, akasema linanuka shuka zilizolala majini. Mume alicheka mpaka akafuta machozi, akawaita majirani waje kumwona fundi mpya wa magari.

"Wewe kanuse soksi," akamwambia mbele yao.

Miezi mitatu haikupita, giaboksi ikafa. Taa zikawa zinajiwasha na kujizima zenyewe, na mwisho gari likawa banda la kuku. Mwaka haujaisha, mume naye akahamia kwa mwanamke mwingine, huku akieleza kila aliyetaka kusikia kwamba mkewe ana mkosi. Dobi akabaki na watoto, beseni na kuku. Kuhusu magari hakufungua tena kinywa.

Sasa, baada ya miaka kumi na moja, alilazimika. Nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi ilikubali kumpa shuka na taulo za vyumba vyake vyote, sharti awe na gari kabla ya mwezi kwisha, maana mkokoteni wake ulishawachelewesha mara mbili. Akiba nyingine alikuwa nayo, na nyuma ya hiyo hapakuwa na kitu. Akikosea safari hii, angezeekea kwenye beseni.

Akamwendea fundi mmoja mfupi mwenye gereji uchochoroni, mtu wa maneno machache. Hakumwamini hata chembe. Alishasikia kwamba mafundi wengine hupewa chao na wauzaji ili walisifie gari bovu, na kwa mambo aliyotendewa, hakuona kwa nini huyu awe tofauti. Walipofika uwanja wa magari alimfuata hatua kwa hatua, macho hayabanduki mikononi mwake.

Fundi alianza kwa kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi, akaridhika. Alimweleza dobi kwamba muuzaji mjanja huiwasha injini mapema, mteja asije akaona inavyosumbua kuamka. Akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa, akakichovya tena na kukitazama juani. Akafungua rejeta. Akawasha gari na kukinga kitambaa cheupe kwenye ekzosi. Kikatoka bila weusi. Akakata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, akisikiliza magurudumu. Hakuna kilicholia.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati lililonyooshwa kwa pasi ya moto kupita kiasi, dobi aliliona hilo mapema. Alimwita dobi "mama yangu mzazi" mara nne kabla hata ya kujua anaishi wapi. Gari, alisema, lilikuwa la mzee mmoja mgonjwa aliyeliendesha kwenda kupigwa sindano na kurudi nyumbani, basi.

"Injini nzima hii," fundi akasema, akaanza kupangusa mikono.

Dobi alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Manukato humo yalimwagwa bila huruma. Lakini chini ya manukato, kule zulia linakokutana na mlango, ilikuwepo ile harufu. Akazikumbuka zile soksi. Nusura ashuke tu, akasingizie kwamba hakuipenda rangi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, akitazama magoti yake:

"Fundi, humu kuna harufu."

Muuzaji akadakia kwamba ni manukato mapya tu, kama mama yake mzazi hayapendi atayatoa sasa hivi. Fundi hakumgeukia.

"Harufu gani?" akamuuliza dobi.

Alingoja jibu kweli, mikono imeshikilia mlango.

"Ya shuka zilizolala majini, zikakaushwa bila kusuuzwa. Na si maji ya bomba. Ya tope."

Fundi akainama, akaushika mkanda wa kiti na kuuvuta polepole mpaka mwisho, kule ambako mtu hauvuti siku zote. Kwenye kipande cha mwisho palikuwa na mstari wa kahawia, kama duara la chai ndani ya kikombe. Dobi aliujua vizuri. Aliusugua kwenye mapazia ya watu kila baada ya mafuriko. Fundi akainua zulia: vumbi laini la tope limeshikana na bolti, nyaya zimeota kutu ya kijani kwenye maungio. Akarudi mbele, akachomoa kijiti kingine, cha giaboksi. Oili iliyopaswa kuwa nyekundu ilitoka kama maziwa yaliyotiwa rangi.

"Ya injini wameibadilisha," akasema. "Ndiyo maana ilikuwa safi vile, na mimi nikaifurahia." Kisha akamgeukia muuzaji. "Huyo mzee wako alikuwa akipigwa sindano mtoni?"

Muuzaji akasema yeye dalali tu, akakumbuka ana simu ya kupiga.

Njiani fundi alieleza kuwa giaboksi ingekufa ndani ya miezi michache, halafu zingefuata nyaya.

"Ningekupitishia mimi mwenyewe, mama. Nisamehe."

Dobi aligeuka akatazama maduka upande wa pili mpaka macho yakakauka.

Siku tisa baadaye walipata gari dogo la mizigo, kuukuu, mlango mmoja wa rangi nyingine. Fundi alipomaliza yake, alifungua mlango akasogea kando. "Mama, zamu yako." Dobi akanusa kila pembe. Tumbaku, sponji kuukuu, na mbuzi.

"Limezeeka," akasema, "lakini halijazama."

Akalinunua, na shuka za nyumba ya wageni akazipata.

Kila Jumamosi, akitoka kupeleka shuka, hupitia gerejini kuchukua ovaroli ya fundi, ngumu kwa grisi kama ubao. Hachukui malipo. Fundi hulalamika kwamba uhasibu huo haumwingii akilini, na dobi humwambia ashike spana zake. Habari ya soksi hajawahi kumsimulia. Huiloweka ovaroli peke yake kwenye beseni la saba, na kuisugua mpaka kitambaa cha viwiko kirudie rangi yake ya bluu. Kwenye kola ameshona herufi ya fundi kwa uzi mwekundu, ingawa kati ya shuka zote zile nyeupe haiwezi kupotea.