Siku Chuo Kikuu Kilipokuja Jikoni

Wewe unayesoma haya, ungemkubali chuo kikuu mwanamke wa miaka arobaini na tisa aliyeacha shule kidato cha tatu? Sema kweli. Usinipe lile jibu la majukwaani, kwamba elimu haina mwisho. Nakuuliza kama ungempa kiti kando ya mwanao, darasa moja, mtihani mmoja, bila kumhurumia na bila kumcheka.

Wengi wetu tungekubali kwa mdomo na kukataa kwa kalamu. Ndiyo maana namwandika mama yangu mdogo, Jumirah binti Kasmuri, wa kijiji cha Parit Lanjut, jimbo la Johor, nikiwa nimeinua kichwa.

Aliacha shule mwaka ambao bibi yangu alipooza upande mmoja. Alikuwa binti pekee aliyebaki nyumbani, na hakuna aliyemuuliza anataka nini. Akamlea mama yake mpaka akamzika, akaolewa, akapata kazi kwenye mkahawa wa shule ileile aliyoiacha. Watoto aliosoma nao wakarudi pale wakiwa walimu, wakinunua chai kwake.

Lakini ukitaka kumjua Jumirah usimtafute mkahawani. Mtafute kwenye harusi. Kwetu harusi haipikwi na mpishi wa kulipwa. Kijiji kizima kinakuja na visu vyake na vibao vyake. Wanaume wanachinja na kukata nyama, wanawake wanamenya vitunguu, wanakuna nazi, wanatwanga viungo, na kesho yake wageni wanakula mpaka wanasahau walikuja kumwona bibi harusi. Sisi tunaita rewang. Na katika rewang za Parit Lanjut, kwa miaka ishirini sasa, Jumirah ndiye anayemtazama ng'ombe angali amesimama akajua atajaza masufuria mangapi. Ndiye anayejua nani asiwekwe karibu na nani kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba, na nani apewe mwiko wa wali kwa sababu mkono wake hautetemeki.

Ila hakuna atakayekwambia hivyo. Ukitaka kumtia mtu wa kwetu aibu ya mwaka mzima, sema alijiita mkubwa wa rewang. Pale hakuna mkubwa. Pale wote ni mikono.

Sasa, kuna mwaka wageni waliugua. Harusi ilikuwa nzuri, wali ulikuwa mweupe, lakini jioni zahanati ikajaa watu wanaoshika matumbo. Hakuna aliyekufa. Wazee wakasema ni maji, wengine wakasema ni jua, wengine wakasema ni kijicho. Hakuna aliyelaumiwa, maana mahali pasipo na mkubwa hapana wa kulaumiwa. Jumirah peke yake hakulala vizuri. Alimfuata muuguzi wa zahanati mara tatu na maswali yake. Kwa nini nyama ileile ilimdhuru huyu na kumwacha yule? Kwa nini mchuzi wa asubuhi ulikuwa salama na wa mchana sio? Muuguzi akachoka, akamwambia, "Mama, hayo watu wanayasomea chuo kikuu."

"Basi na mimi nitayasomea," akasema.

Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi, nimekaa miaka minne na vijana waliokuwa wakisinzia darasani kwa mambo ambayo mama yangu mdogo angeyala kwa njaa. Nikamwambia ipo njia. Nchi yetu ina mlango wa watu wazima: unafanya mtihani wa kupima akili na lugha, unapeleka ushahidi wa kazi ulizofanya maishani, wanakuhoji, na ukifaulu unaingia shahada bila vyeti vya sekondari. Watu wanaongea kuhusu mlango huo kama sadaka. Si sadaka. Ni haki ambayo ilichelewa kufika.

Alisoma miezi kadhaa kwenye meza ya mkahawa, watoto wakishaingia darasani. Jirani yake Rubiah, rafiki yake wa tangu utoto, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Mwanafunzi! Usisahau soksi nyeupe!"

"Wewe endelea kubwata," Jumirah akamjibu. "Nikishahitimu nitakuja kukukagua kucha."

Mtihani alifaulu. Kilichomkwamisha ni ushahidi. Aliomba shahada ya sayansi ya chakula, na walitaka kuona kwamba kweli amewahi kuongoza upishi mkubwa. Mkahawani alikuwa mhudumu tu. Na rewang haitoi barua wala mshahara. Tukakusanya picha za harusi za miaka mingi, na katika kila picha Jumirah anaonekana mgongo. Mbele wamesimama wenye nyumba wanatabasamu. Yeye yuko nyuma kabisa, ameinamia sufuria. Chuo kikajibu kwa adabu kwamba picha hizo hazitoshi. Wangemtuma ofisa aje aone mwenyewe. Ofisa akiridhika, anaingia. Asiporidhika, ombi limefungwa.

Ofisa alikuja siku moja kabla ya harusi ya binti wa Bwana Tukiman. Aliitwa Bi Norliza, mwanamke wa makamo, gauni la hariri, viatu vya mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alivua viatu, akasalimia kila mtu, akakaa mkekani, na kabla hajatoa kalamu Rubiah alikuwa ameshampa kisu na kilima cha vitunguu.

"Hapa mgeni ni wa dakika moja tu," Rubiah akamwambia. "Ya pili ni mfanyakazi."

Bi Norliza akamenya, machozi yakimtoka, akiuliza taratibu. Mimi nilikuwa upande wa wanaume nakata nyama, nimetega sikio kama mwizi.

"Hapa kiongozi wenu ni nani?"

Wanawake wakatazamana. Akajibu Wak Painah. Wak ni jina la heshima tunalompa mtu aliyewazidi umri wazazi wetu, na huyu ana miaka themanini na ulimi wa miaka kumi na minane.

"Kiongozi? Hapa hakuna kiongozi, mwanangu. Sote mikono tu."

"Na Bi Jumirah?"

"Huyu?" Wak Painah akamtazama Jumirah, aliyekuwa hatua chache kutoka pale akionja viungo. "Huyu anajua nini? Anasaidiasaidia tu."

"Wali wenyewe akipika unashika chini," Rubiah akaongeza, na wote wakacheka kwa upendo.

Naapa walikuwa wanamsifu. Kwetu mtu wako humsifu mbele yake, tena mbele ya mgeni. Unamshusha, na mgeni mwenye adabu anajua ampandishe. Mtu akikusifia mtoto unasema mvivu huyo. Akikusifia nyumba unasema inavuja. Wale kina mama walikuwa wamevaa adabu yao yote siku hiyo kwa ajili ya Jumirah, kama watu waliovaa nguo za sikukuu.

Bi Norliza akamgeukia mwenyewe. "Bi Jumirah, wewe unasemaje?"

Nilimwomba Mungu. Nikasema moyoni, mama mdogo, mara hii moja tu.

Jumirah akafuta mikono kwenye kanga yake. "Ni kweli wanavyosema. Nasaidia tu."

Bi Norliza akaandika. Alikaa mpaka alasiri, akaona watu wakienda na kurudi, lakini jiko lililozoea kazi halina kelele. Jumirah haamrishi. Anapita tu, anagusa bega, anasogeza beseni. Usipojua hutaona kitu. Alipokuwa anavaa viatu nilimfuata nje.

"Bi mkubwa, umeelewa lakini? Ile ilikuwa adabu tu."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi pia nina mama wa kijijini. Lakini siruhusiwi kuandika ninachokisia. Naandika nilichosikia na nilichoona. Kesho asubuhi nitapita kumpongeza bibi harusi, kisha narudi."

Nilirudi jikoni nimewaka.

"Mmemzika!" nikawaambia. "Mmemzika mzima mzima!"

"Nani amezikwa?" Wak Painah akauliza.

Nikawaeleza. Kwamba yule mama hakuja kunywa chai. Kwamba kila neno waliloshusha limeandikwa limeshuka. Kwamba kesho ataondoka, na Jumirah hatasoma. Nilisema na mengine, kuhusu vyuo vinavyompima mtu kwa makelele yake, na kuhusu watu wanaoficha taa chini ya kapu halafu wanalalamika giza. Sauti yangu ilifika mpaka kwenye hema la wageni.

Rubiah aliweka kisu chini. "Mimi nimesema wali unashika chini," akasema polepole. "Jamani. Na hilo kaandika?"

"Kwa hiyo anataka tumnadi mwenzetu kama mbuzi wa mnadani?" Wak Painah akauliza. Lakini hakuwa anacheka tena.

Jumirah akaja akanishika mkono, akanitoa pembeni. Sijawahi kumwona na macho makali vile.

"Usiwapigie kelele wakubwa zako. Hawa ndio walionifuta machozi nilipomzika mama. Kama kuingia chuo ni lazima nikae juu ya migongo yao, nitabaki nje. Nimebaki nje miaka mingi, sijafa."

"Lakini unataka kusoma."

"Nataka," akasema. "Nataka mpaka kifua kinauma. Sasa nenda kakate nyama."

Asubuhi iliyofuata nilifika jikoni kabla jua halijatoka vizuri, maana wanaume ndio wanaobeba kuni. Siku ya harusi, wakati huo, moshi huwa umeshatanda mpaka barabarani. Sikuona moshi. Masufuria yalikuwa juu ya mafiga, maji yamejazwa, mchele umeoshwa, kuni zimepangwa vizuri, na chini hakuna hata cheche. Wanawake wote walikuwa wamekaa mkekani safu mbili, wamekunja mikono kifuani. Wak Painah alikuwa katikati, anatafuna tambuu.

Bwana Tukiman, baba wa bibi harusi, alikuwa anazunguka na shati lake jipya limelowa jasho.

"Wak, nakuomba! Wageni wanaingia saa tano! Washeni moto!"

"Tutawashaje? Sisi ni mikono. Umewahi kuona mikono inafikiri?"

"Mnataka nini? Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Tukiman. Kaa chini, presha itapanda."

Bi Norliza alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, zawadi ya bibi harusi mkononi, anatazama majiko yaliyopoa. Hakuna aliyemtazama. Waliangalia mbele kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti.

Ndipo Jumirah akatokea, kilemba bado hakijakaa sawa, akiwa ametoka kumwandalia mumewe chai.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," Rubiah akasema. "Tunasubiri kuambiwa tuanze na nini."

"Tuanze na nini? Rubiah, umelewa? Mmeanza bila mimi mara ngapi?"

"Hatujawahi," wakajibu watu kama kumi kwa pamoja. Na hiyo ilikuwa kweli. Kabla moto haujawashwa siku zote alikuwa ameshapita akagusa bega la mtu.

Jumirah akageuza kichwa, akamwona Bi Norliza. Nikaona damu inampanda usoni mpaka masikioni. Alielewa walichomfanyia. Akamsogelea Wak Painah, akainama, akasema chini, ila sote tulisikia.

"Wak, mnanivua nguo mbele ya mgeni."

"Tunakuvisha," Wak Painah akasema. "Mimi nina miaka themanini, sijawahi kumsifia mtu mdomoni na siwezi kuanza leo. Lakini kukaa naweza. Nitakaa hapa mpaka harusi ioze. Sema wewe."

Jumirah akanyooka. Akatazama masufuria, akatazama jua, akamtazama Bwana Tukiman aliyekuwa karibu kulia. Kisha akakunja mikono ya gauni lake, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia maishani mwangu.

"Rubiah, moto wa wali, sufuria tatu za kwanza, zilizobaki baadaye. Misnah, viungo vyote kwenye mafuta, na mtu asiniwekee tui mpaka niseme. Nyama iliyokatwa jana iliyolala nje ya barafu isiguswe, itupwe, sijali ni kiasi gani. Bwana Tukiman, ondoka jikoni kwangu. Wak, wewe onja chumvi. Haya!"

Wakainuka wote kwa mpigo mmoja. Moto ukashika. Moshi ukapanda.

Bi Norliza alimfuata katikati ya moshi, macho yanamtiririka.

"Bi Jumirah, jana uliniambia unasaidia tu."

"Jana niliona haya."

"Na leo? Nani anaongoza hapa?"

Kina mama walipunguza makelele ghafla, miko hewani.

"Naongoza mimi," Jumirah akasema. "Na wakiugua watu, mimi ndiye nitakayeulizwa. Sasa, dada, naomba usogee. Umenizibia njia ya kuni."

Bi Norliza akasogea. Akaweka zawadi chini, akatoa karatasi yake, akaikandamiza juu ya mfuniko wa sufuria tupu na kukata mstari mrefu kwenye maneno ya jana. Akaandika mapya juu yake, bila haraka, akatia sahihi. Wak Painah, ambaye hajui kusoma, alisimama begani kwake muda wote akifuata kalamu kwa macho.