Niliwakaribisha waombolezaji nyumbani kwangu, sasa kilio hicho kinanitoa

Admin, naomba unifichie jina. Hata hao wengine nimewabadilishia, maana Gisenyi ni mji mdogo, tunajuana mpaka kwa kikohozi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne. Nilizaliwa Tanzania, tukarudi Rwanda nikiwa msichana. Sina mume. Ninashona nguo nyumbani na ninaishi na mama yangu, ambaye haoni kabisa. Nyumba hii tumepanga miaka kumi na mmoja, na macho yake yalizimikia humu humu, kidogo kidogo, kwa hiyo alishaishika yote kichwani kabla giza halijamfikia. Asubuhi anatoka kitandani, anapapasa ukuta wa korido, anafika chooni uani, anarudi na kujichemshia chai. Mgeni anaweza kukaa saa nzima asijue. Nje ya geti hawezi hata hatua mbili bila mkono wangu. Ndugu zangu, ndani ya nyumba hii mama yangu si kipofu, na hilo ndilo linaloniliza.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mmoja mpole. Mkataba hatukuwahi kuandika, tuliaminiana tu, ujinga mtupu. Yeye aliishi Kanama, kule mlimani, na mke wake nitakayemwita Mama Solange. Mapema mwaka huu mzee akafariki katika hospitali ya hapa mjini. Ilikuwa mvua juu ya mvua, na njia ya kupanda kwao gari halipiti. Nikamkuta Mama Solange kwenye benchi, hajui wageni wa msiba atawaweka wapi. Kiherehere changu kikanituma. Nikamwambia, "Mama, leteni kilio kwangu, kwani nyumba si yenu?" Alinikumbatia akalia sana.

Wiki nzima moto wa kilio uliwaka uani kwangu. Nilisogeza cherehani, nikatandika mikeka, nikapika maharage ya watu nisiowajua. Siku ya pili akafika Patrice kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, mtoto wa mzee kwa mwanamke wa kwanza. Kwa kuwa ndiye mtoto mkubwa wa kiume, alikalishwa kwenye kiti karibu na mlango akipokea pole. Usiku nikampa chumba cha mbele, kile ninachoshonea, apumzike. Kilio kikaondolewa, watu wakarudi kwao. Patrice hakurudi. Huu ni mwezi wa tano yuko humo, na mimi nashonea jikoni.

Sasa anasema nyumba ni yake, eti baba yake alishampa. Hati ya ardhi ina jina la mzee peke yake, na Mama Solange alifunga ndoa ya kanisa tu, ya serikali hawakufika, kwa hiyo karatasi hazimlindi, unabaki ushahidi wa watu. Na ushahidi mkubwa wa Patrice ni nini? Ni kile kilio! Kwetu huku kilio huwekwa nyumbani kwa marehemu au kwa mtoto wake. Nani amewahi kusikia kimewekwa kwa mpangaji? Mtaa mzima uliona moto, uliona na nani alikaa mlangoni.

Mama Solange naye anaamini nilipanga hayo na Patrice. Nilipanda Kanama kumwomba radhi, akanisemesha dirishani, mlango hakufungua. "Nilikuonaka mutu muzuri, kumbe ulikuwa unamutengenezea yeye kiti! Nikishinda ile nyumba nauzisha. Mwisho wa mwezi nisikute hata kijiko yako mule."

Basi nina barua mbili za kuhama, moja yake, nyingine ya Patrice. Kila mmoja anataka awe yeye aliyenitoa, kwa sababu atakayemtoa mpangaji ndiye ataonekana mwenye nyumba. Sijui kama mlishaona watu wakigombania kukufukuza. Mimi nimeona.

Jumanne wasuluhishi wa mtaa wanakaa kuamua nyumba ni ya nani, na nimeitwa kuwa shahidi. Juzi Patrice alinifuata jikoni, sauti ya chini, heshima tele. "Mama, mi sina mubaya na we. Useme tu kama papa mwenyewe ndiye alisema kilio ikuje huku kwa mutoto wake. Bon, ukisema vile, ile barua napasula, we na mukecuru mutabakia."

Mukecuru, yaani bibi kizee, ni mama yangu. Nikamuuliza, "Na nikisema ukweli?" Akacheka kidogo, akasema, "Ukweli itawapeleka wapi?"

Mzee hakusema neno lolote, alikuwa ameshakufa. Ni mimi niliyesema. Nikilisema hilo mbele ya watu, ushahidi wa Patrice unaanguka, Mama Solange anapata haki yake, nyumba inauzwa na sisi tunatoka. Nikidanganya, namnyang'anya mjane nyumba ya mume wake kwa wema niliomfanyia mwenyewe, halafu nabaki kumtegemea mtu aliyenilipa kwa ajili ya uongo. Naye akinigeuka nitamshtaki wapi? Nakiri kwenu, ule uongo nimeshaufanyia mazoezi nikishona. Unatoka vizuri tu, na hilo linanitia aibu.

Nyumba nyingine nimetafuta mpaka nimechoka. Hata nikipata, mama ana miaka themanini na mmoja. Ataanza lini kujifunza kuta mpya?

Jana Patrice alileta kabati kutoka Goma, akalisimamisha kwenye korido bila kuniuliza. Leo alfajiri mama akaamka kama kawaida yake, akanyoosha mkono atafute ukuta, akagusa mbao. Akageuka, akapotea. Nilimkuta amesimama katikati ya nyumba, mikono mbele. Akaniuliza polepole, "Binti yangu, tumehama na hukuniambia?"

Nikamshika mkono nikampeleka chooni. Jumanne nitaulizwa ni nani aliyesema kilio kije hapa. Ninyi mnaosoma, nishaurini kabla siku hiyo haijafika: nijibu nini?