Chumba Nilichompambia Mume Wangu

Jamani, mume wangu amerudi leo kutoka migodi ya shaba Rodesia, na hakurudi peke yake.

Wiki nzima nilikuwa nampambia chumba. Cha kununulia sina, si mnanijua.
Nikachota udongo mweupe mtoni, nikapaka kuta zote.
Chini nikazungusha mstari wa udongo mwekundu.
Mfuko wa unga nikaufua, nikaudarizi maua, ukawa pazia.

Mchana lori likasimama hapa kijijini kwetu Chapwa. Akashuka yeye, kisha mwanamke na mtoto mgongoni.

"Mama Yohana," akaniambia, "huyu ni mdogo wako. Nimemwoa kule."

Sisi tulifunga ndoa kanisani, ya mke mmoja.

Mgeni akapiga magoti, akanisalimia kwa Kibemba, lugha ya kule migodini. Nikaitikia.

Alipoingia chumbani akasimama, akagusa ukuta. "Dada, kazi hii kafanya nani?"

"Mimi."

"Nzuri mno. Utanifundisha?"

Nikamweleza jinsi ya kukoroga udongo. Nyie, hasira sikuisikia, wala machozi.

Mume wangu akaniuliza, "Tutalala wapi?"

Mngejibuje? Mimi nilisema, "Chumba chenu ni hicho," nikaenda kuwasongea ugali.