Nyumba Tuliyonunua na Baba

Mwaka wa tisa wa ualimu wangu nilichoka kupanga. Mwenye nyumba wangu alikuwa akifunga maji kila tulipokosana, na tulikosana mara kwa mara. Niliposikia kuna nyumba inauzwa Gongoni, mtaa wa hapa mjini, vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, bati zima, sakafu tu ndiyo haijamalizika, nilikwenda kuitazama siku hiyohiyo nikiwa bado na vumbi la chaki mikononi. Mwenye nayo, mzee wa Kiarabu aliyekuwa akihamia kwa wanawe Dar es Salaam, hakunisumbua kwa bei. Akiba yangu ilifika theluthi mbili.

Nikaenda kijijini Goweko kwa baba. Baba ni mkulima wa tumbaku. Sisi wanawe tumekua tukifunga majani kwenye vijiti na kuchochea moto wa bani, lile banda la kukaushia. Nilimweleza haja yangu. Akasema, "Nitauza ng'ombe. Mtoto wangu hawezi kunyanyaswa na wenye nyumba." Nilirudi mjini na furaha ambayo leo naionea aibu.

Siku ya kuandikishana alikuja na mdogo wangu wa kiume. Kwenye ofisi ya mtaa, mwenyekiti alishika kalamu akauliza mnunuzi ni nani. Kabla sijafungua mdomo, baba akataja jina lake.

"Baba, mbona mnunuzi ni mimi," nikasema kwa sauti ya chini.

"Wewe utaolewa. Jina langu litakulinda, mume asije akakunyang'anya."

Mwenyekiti alinitazama, akingoja. Ningeweza kusema. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, na kazi yangu ni kufundisha watoto kusimama na kujibu wasikike. Nikaweka sahihi kwenye nafasi ya shahidi.

Sakafu niliimalizia kwa mshahara wangu, nikaweka milango, nikavuta umeme. Miaka miwili nilikaa kwa raha. Kisha mdogo wangu akaoa, na baba akapiga simu kusema wanakuja kukaa kwa muda, mpaka kijana apate kazi. Niliwapa chumba cha nyuma. Mtoto wao alipozaliwa, siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta kitanda changu kimehamishiwa chumba hicho cha nyuma, na nguo zangu juu yake, zimekunjwa vizuri kabisa. Aliyezikunja ni wifi yangu. Aliniamkia shikamoo, kisha akasema, "Baba ndiye aliyeagiza, wifi."

Nikampigia baba.

"Nyumba ni ya ukoo," alisema. "Wewe huna mtoto. Chumba kikubwa cha nini?"

"Zaidi ya nusu ni pesa yangu, baba."

"Na shule iliyokupa huo mshahara, alilipa nani?"

Akampa mama simu. Mama akaniambia nivumilie. Mwisho wa mwezi nilifungasha.

Sikwenda mahakamani. Walimu wenzangu walinishauri, mmoja hata alinitafutia mwanasheria, lakini ningesema nini? Karatasi ina jina lake, na ushahidi kwamba mnunuzi ni yeye niliutia sahihi mimi.

Mwaka huu baba aliugua, akaletwa kutibiwa mjini, akafikia kwenye nyumba ile. Kila asubuhi kabla ya shule nilimpelekea uji niliopika kwenye chumba ninachopanga. Siku ya tatu walikuja wageni wa kanisani kumjulia hali. Akawaambia, "Namshukuru Mungu kwa kijana wangu huyu. Bila yeye ningefikia wapi hapa mjini?"

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Nilimmiminia baba uji, akaupokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwanangu," kwa upole wa kweli. Nadhani hakuwa ananisimanga. Alishasahau, au kwake hapakuwa na cha kukumbuka. Nikawaaga wageni, nikaondoka. Siku hiyo nilikuwa mwalimu wa zamu.