Bibi Katika Wasia wa Shangazi Yake

Mama alikuwa na jambo moja lililomkereketa tangu arudi Oman. Watu wa nyumba kubwa ya ukoo huko Ibra walisema mama yake, yaani bibi yangu, alilelewa tu Unguja na babu yao, hakuwa mtoto wake wa kumzaa. Harusini walimwalika Mama, wakamketisha na majirani. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikaapa kwamba hatakufa na dukuduku lile.

Nilisoma Uingereza, na kazi yangu huko ilikuwa kupekua wasia za Waingereza wa karne ya kumi na sita. Mwanamke wao akiolewa hubadili jina la ukoo, akakupotea. Nilifundishwa kumtafuta kwa shangazi wasio na watoto, maana wao hupenda kuandika: gauni langu jekundu nampa binti wa kaka yangu. Nilimpata mmoja hivyo, binti wa mhunzi, nikajiona bingwa.

Siku moja tukatoka Nizwa, mimi na Mama, hadi Ibra, nikaomba kuuona wasia wa yule babu. Mzee wa nyumba, mjukuu wake, akatukaribisha kwa kahawa na halwa, kisha akaleta sanduku la karatasi. Nikasoma mstari kwa mstari. Bibi hakuwamo.

"Umeona mwenyewe, binti," mzee akasema.

Mama akainamisha kichwa. Nami, msomi mzima, nikaona haya, nikaanza kukunja karatasi. Ndipo nikazinduka. Hawa si Waingereza wangu. Kwetu mrithi haandikiwi wasia. Fungu lake limeshawekwa na sheria ya dini.

"Mjomba," nikamwambia, na neno hilo nililitamka kwa makusudi, "baba yako naye hayumo humu. Yeye pia alilelewa tu?"

Nikaomba wasia za wanawake wa nyumba. Akasema wanawake waliandika vitu vidogo vidogo tu. Nikamwambia hivyo hivyo vidogo ndivyo nivitakavyo.

Tulimpata Bibi katika wasia wa tatu. Dada wa yule babu, aliyefia hapo Ibra, aliwaachia kitu jamaa zake wasiomrithi, kama ilivyo ada ya watu wetu: mtende mmoja na bangili mbili za fedha, kwa binti wa ndugu yangu aliyeko Unguja. Jina la bibi limeandikwa wazi, na la baba yake.

Nilijivuna, sifichi. Nilitaka kuusoma kwa sauti hadi mtaa wote usikie. Lakini mzee akanitoa karatasi mkononi, akaisoma kimya mara mbili, akavua miwani, akamgeukia Mama.

"Shikamoo, dada."

Miaka yote alikuwa akimwita bi mkubwa, kama anavyomwita mke wa jirani. Mama akajiweka sawa kwenye zulia, akatengeneza shela yake bila haraka.

"Marahaba," akasema. "Sasa nisomee wewe, kwa sauti yako."