King'ora cha Kichochoroni

Jumamosi asubuhi nilimkuta jirani yangu, tarishi wa bandarini Kilindini, amechuchumaa kichochoroni akifunga king'ora kwenye pikipiki yake. Gereji hana. Bisibisi alizipanga juu ya baraza ya nyumba moja, na waya wa kifaa chake cha kulehemu ulipitia dirishani kwa bibi wa nyumba ile, aliyempa umeme.

Pikipiki ya kwanza iliibwa. "Na hii ikienda, kazi nayo imekwenda," aliniambia.

King'ora kikakubali. Mama mmoja akapita na sinia la mahamri, buibui likagusa usukani, kikalia. Akapita mwuza kahawa, kikalia. Kichochoro chetu hakipitiki bila kugusa kitu.

Bibi akatoa kichwa dirishani. "Mwanangu, umeme ni wangu, na mwizi ni mimi?"

"Hasha, bibi! Niwie radhi."

"Basi huko bandarini kiwashe. Hapa kizime. Hapa nipo mimi."

Jirani akacheka, akakizima.

Jioni nilipopita, niliushika usukani kwa makusudi. Pikipiki ilinyamaza. Kabla sijaondoa mkono, dirishani ikatoka sauti: "Nani huyo?"

Nikataja jina langu, na la baba yangu juu yake.