Mti wa Waliobatizwa

Familia nyingine hutunza kumbukumbu zao kwenye picha. Sisi tuna matambara. Kila mwaka siku ya mkesha wa Krismasi, mchana, vyombo vikishaoshwa, mama yangu hushusha sanduku la bati kutoka juu ya kabati, na ukoo mzima huitwa sebuleni kushuhudia matambara yakitundikwa.

Nieleze vizuri, maana mtu wa nje akisikia mapambo ya Krismasi atafikiria yale mapira ya kung'aa yanayoanza kuuzwa mjini hata mahindi hayajaisha kupukuchuliwa. Mama ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, na anaamini kwamba pambo la kununua ni la mtu asiye na mikono. Kila anayezaliwa nyumbani kwetu, baada ya ubatizo wake hukatwa kipande cha nguo aliyobatiziwa, kwenye pindo pasipoonekana, na mama hukishona pambo. Ndani hujaza sponji ya godoro kuukuu, juu hutia kitanzi cha uzi, basi. Langu ni kengele. Ukiliona bila kuambiwa ni pilipili hoho. La kaka yangu ni mwanakondoo ambaye tangu nizaliwe amefanana na panya, na hakuna aliyewahi kuthubutu kulisema hilo kwa sauti.

Mti wenyewe nao una vituko vyake. Baba alifanya kazi ya misitu Olmotonyi mpaka alipostaafu, na mtu aliyepanda miti maisha yake yote hawezi kukubali ukatwe hata mmoja kwa ajili ya sherehe ya siku mbili. Huleta matawi ya saipresi yaliyopogolewa, matatu au manne, akayafunga pamoja kwa kamba ya katani na kuyachomeka kwenye ndoo ya mchanga. Mti wetu huinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Ukimwambia baba kwamba umeinama, atakujibu kwamba tatizo ni sakafu.

Pambo halitundikwi kimyakimya. Mama hulitoa sandukuni, akaliinua, akasema ni la nani, kisha akasimulia siku ya ubatizo wa mwenyewe. La kaka: alimtapikia mwinjilisti kwenye kola. Langu: mvua ilinyesha tangu usiku, mchungaji akapanda mlima mpaka kwetu na mabuti ya mpira, akabatiza nayo chini ya joho, yakilia kwe-kwe kila alipopiga hatua. Habari hizi tunazijua zote, na bado tunacheka palepale pa kila mwaka, maana asiyecheka huulizwa anaumwa nini.

Ni desturi nzuri, sikatai. Bila matambara yale nisingejua hata bibi mzaa baba alivaa nini siku ile kaka alipobatizwa. Ubaya wake ni kwamba mti ule hukuonyesha pia nani hayupo.

Chukua mfano wa wifi yangu. Aliishi na kaka miaka kadhaa kabla ya ndoa ya kanisani. Krismasi zote hizo alipika pilau ya watu wote, akasugua masufuria, akatandika vitanda vya wageni, lakini mtini hakuwepo. Siku walipofunga ndoa, mama alikuwa ameshakata kipande cha shela kabla maharusi hawajakata keki. Siku hizi wifi ni ua jeupe kwenye tawi la pili, na hutushauri sisi wengine kuhusu maadili.

Mimi nilipata mtoto bila ndoa. Baba yake alikuja Arusha kwa semina, na semina ilipokwisha naye akaisha. Usharika ukanitenga kwa utaratibu wake: nisishiriki Meza ya Bwana, wala mtoto asibatizwe, mpaka nisimame mbele ya washarika siku ya Jumapili, nitubu, nirudishwe kundini. Kaka yangu naye ana mtoto wa kabla ya ndoa, huko njia ya Babati, jambo ambalo hata mbuzi wa jirani wanalijua. Lakini tumbo la kaka halikuvimba, kwa hiyo mbinguni hawakupata taarifa. Siku jina langu liliposomwa kanisani alikuwa ameketi benchi la mbele, na wimbo uliofuata aliuimba vizuri sana.

Nilikataa kusimama. Nilisema kama ni kutubu nitatubu kwa Mungu, si kwa mama mmoja wa benchi la tatu anayewauzia wenzake maziwa yenye maji. Mama yangu, ambaye ni mzee wa kanisa, naye akakataa kushona. Sheria ni sheria: bila ubatizo hakuna nguo ya ubatizo, na bila nguo hakuna pambo. Tukakaa hivyo miaka saba, vichwa vigumu viwili vya ukoo mmoja, na katikati yetu mtoto asiye na tambara.

Usiniulize kwa nini mtu mzima mwenye kazi yake na nyumba ya kupanga Lemara, kule mjini, akose raha kwa sababu ya kitambaa kilichojazwa godoro. Nilikosa raha. Nilitaka mwanangu awepo kwenye mti ule kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote kutoka kwa mama yangu, na ningekufa kabla ya kumwomba.

Kisha macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho. Mama akasema ni vumbi. Vyovyote vile, hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano, na kazi hiyo akapewa mwanangu. Kila likizo ya Desemba ungewakuta barazani, mjukuu akitunga uzi na bibi akikarabati kwa kupapasa mapambo yaliyotafunwa na panya, wale wa kweli. Mtoto akazijua habari za matambara kuliko sisi wenye matambara. Ukimwuliza ubatizo wa binamu yake wa pili ulikuwaje, anaanza na hali ya hewa.

Jioni moja, nyumbani kwetu Lemara, alinifuata jikoni.

"Mama, kusimama kanisani kunauma?"

"Hakuumi."

"Sasa si usimame tu?"

Nilimwambia akaoge. Sikulala vizuri usiku ule.

Mkesha wa mwaka jana tulikuwepo wote. Baba kwenye kiti chake, kaka na wifi kwenye kochi na watoto wao watatu miguuni, mimi nimeegemea mlango wa jikoni, mahali pangu pa kawaida. Mwanangu alisimama kando ya bibi yake akimpa pambo mojamoja na kumnong'oneza ni la nani, kwa sababu kwa macho yale kengele na mwanakondoo havikuwa na tofauti. Kwa haki, hata kwa macho mazima tofauti ni ndogo. Mama akasimulia, tukacheka palepale, matawi yakajaa, sanduku likaisha. Mwanangu akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa kitu, akakiweka kwenye kiganja cha bibi yake. Hakunong'ona.

Nikakitambua kitambaa. Lilikuwa sweta la shule, lile nililokuwa nimelitafuta nyumba nzima na kumlaumu dada wa kazi wa jirani. Mishono ilipishana kama meno ya mtoto wa darasa la pili, naye mshonaji kweli alikuwa wa darasa la pili. Pambo lenyewe lilikuwa na umbo gani sijui mpaka leo. Mwenyewe anasema ni mtu.

Mama akalipapasa, akaligeuza, akalipapasa tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Bibi."

Wifi akakohoa kikohozi cha maadili. Kaka akakumbuka kwamba ana simu. Mimi nikajiweka sawa pale mlangoni. Nilikuwa na hotuba niliyoitunga miaka yote ile nikiwa naosha vyombo, ndefu, yenye Babati ndani yake, na kama mama angemrudishia mtoto lile tambara ningeitoa yote, kisha ningemshika mwanangu mkono tushuke mlima na tusirudi. Sikuwa natania. Mkoba nilikuwa nao begani.

"Pambo halitundikwi bila habari yake," mama akasema. "Habari yako ni ipi?"

"Sijui, Bibi. Wewe ndiye unayesimuliaga."

Mama akavua miwani. Akaliinua lile tambara juu, sawasawa na alivyoinua mengine.

"Huyu ni mjukuu wangu," akasema. "Siku aliyozaliwa, bibi yake hakuja."

Hakuna aliyecheka. Habari hii hatukuwa tunaijua.

"Nilipigiwa simu alfajiri. Nikaenda shambani, nikakata ndizi, nikamenya, nikapika mtori wa mzazi. Niliweka nyama ya mifupa, nikaweka na maziwa. Nikajaza thamosi, nikavaa kitenge changu cha sikukuu, nikateremka hadi barabarani kusubiri gari la mjini. Pale nikawakuta wenzangu wa kwaya. Wakaniuliza, 'Mwalimu, hiyo thamosi unapeleka wapi?' Nikawaambia nawapelekea mafundi chai." Akalishusha lile tambara. "Hatukuwa na mafundi. Nikarudi nyumbani."

"Niliunywa mimi," baba akasema kutoka kwenye kiti chake. "Siku mbili."

"Watu husema nilikaza kwa ajili ya imani," mama akaendelea. "Msimsingizie Mungu. Niliogopa kwaya. Niliiogopa kwaya kuliko nilivyompenda mtoto wangu siku ile. Hiyo ndiyo habari yake, sina nyingine."

Akanyoosha mkono kutafuta tawi, akalikosa, akatafuta tena. Mwanangu akamvutia tawi karibu. Akalitundika chini ya pilipili hoho yangu, akajaribu kitanzi kwa kidole kama kimekaza, kisha akafunga sanduku.

Hotuba yangu haikuwa na pa kuanzia tena. Nilipata nilichokitaka kwa miaka saba na kiliniuma kuliko kukikosa. Nilikumbuka wodi ile. Wenzangu wa vitanda vya pembeni waliletewa vyakula mpaka wakagawiana, na mimi nilikunywa chai ya kantini na mkate, nikawaambia mama yangu anaumwa miguu. Kumbe miguu ilikuwa mizima na ilifika hadi barabarani. Nilikasirika upya. Kisha nikamwona na kitenge chake cha sikukuu, amekumbatia thamosi, anapanda mlima kurudi, nikalia mbele ya wifi, jambo nililokuwa nimeapa halitatokea. Wifi akanipa leso yake. Ilikuwa safi na imepigwa pasi, siwezi kumsema.

Hatukukumbatiana. Sisi si watu wa hivyo. Mama aliuliza kama kuku wamefungiwa, baba akasema wamefungiwa, tukala. Kanisani sijasimama mpaka leo, na mama bado ni mzee wa kanisa, kwa hiyo usidhani malaika walishuka.

Asubuhi ya Krismasi nyumba nzima ilikuwa inatafuta soksi na kugombania kioo. Nilikuwa mezani nakunywa chai kwa chapati wakati mama alipotoka jikoni na bakuli, akitembea polepole kwa sababu ya macho yake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Akaliweka mbele yangu, akausogeza pembeni ule mkono wangu wa chapati.

"Mama, mbona sijazaa?"

"Najua. Kunywa kabla haujapoa."

Nikanywa. Kaka yangu, ambaye harufu ya mtori inaweza kumtoa hata bafuni, akaja na shati halijafungwa vifungo, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria akiwa na bakuli lake mkononi. Mama akaweka mfuniko.

"Huu ni wa mzazi," akamwambia.